Bastola ya Rock Island 1911 ya dola 429: miezi 14, risasi kama 2,000 na kidonda kimoja cha mkono

Nianze na bei maana ndo kitu cha kwanza kila mtu anauliza. Dola 429, mpya, kwenye boksi lake la plastiki, na magazini moja ya risasi 8. Hapo sijaweka kodi wala zile dola 25 za dukani za kupokelea mzigo. Kwa bastola ya chuma kitupu toka juu mpaka chini, umbo lile lile la jeshi la Marekani unaloliona kwenye picha za vita ya pili ya dunia, hiyo ni bei chee kabisa, maana ukitaka yenye jina la Colt ubavuni unaanza kuongelea karibu dola elfu. Nilivyoiona nikajua hapa naliwa. Sasa nimekaa nayo miezi 14, nshapiga risasi kama elfu mbili, nadhani nina haki ya kusema neno.

Mzani wangu mjue uko wapi. Naishi Columbus, Ohio, nabeba boksi kama wabongo wengi wa huku, shifti ya usiku. Sikukulia kwenye mambo ya bunduki. Kitu pekee nilichowahi kushika kabla ni SMG nilipopita JKT kwa mujibu wa sheria, na hapo ni risasi za kuhesabu, afande kanisimamia kisogoni, nikatoka pale sikio linalia siku mbili. Aliyeniingiza huku ni mzee mmoja wa kazini, Mmarekani, kabakiza miaka miwili astaafu, Jumapili moja akanibeba mpaka renji, uwanja wa kulenga shabaha, akanianzishia na .22, ile ya risasi ndogo, halafu akatoa mkoba wake akanipa 1911 ya zamani ya risasi nene ya .45, imechakaa mpaka kona zimekuwa nyeupe. Nikapiga risasi saba. Nikarudi nyumbani naiwaza hiyo triga tu.

Maana stori yote ya 1911 iko kwenye triga jamani. Hizi bastola za kisasa za plastiki ukivuta triga kuna safari, kama unavuta stepla, halafu katikati hujui itakatika saa ngapi. Hii triga yake haizunguki kwenye pini, inateleza moja kwa moja kurudi nyuma ndani ya fremu, na nyundo iko tayari imeshakokiwa, kwa hiyo kazi ya kidole ni kuachia tu. Inakatika kama njiti ya kiberiti. Hata hii yangu ya bei ya chini inakatika hivyo hivyo, si laini kama ile ya mzee lakini ni jamii moja, na mtu unayejifunza kulenga shabaha hicho ndo kitu cha kukulipia.

Aliyeibuni ni John Browning, mtu wa Utah, na jeshi la Marekani liliipitisha Machi 29, 1911, ndo maana inaitwa hivyo. Fikiria mwaka huo reli ya Wajerumani kutoka Dar ilikuwa bado haijafika Tabora. Kwenye majaribio ya mwisho walipiga risasi 6,000 kwa bastola moja ndani ya siku mbili, ikichemka wanaichovya kwenye maji wanaendelea, haikugoma hata mara moja. Jeshi likakaa nayo mpaka 1985 walipohamia Beretta.

Na kuna kitu kinanichekesha kila nikisoma maandishi ya ubavuni. Sababu kubwa ya Wamarekani kutaka risasi nene ya .45 ilikuwa Ufilipino, walikuwa wanapigana na Wamoro kule kusini na zile ribolva zao za .38 mtu anapigwa na bado anakuja tu na panga. Sasa hii bastola yangu imetengenezwa wapi? Ufilipino. Kiwanda cha Armscor, mji wa Marikina, pembeni ya Manila. Rock Island Armory ni jina tu, zamani lilikuwa la kampuni ya Illinois, Wafilipino wakalinunua. Kwa hiyo silaha iliyotafutwa kwa ajili ya kuwapiga ndo leo wanaitengeneza wao na kumuuzia Mmarekani kwa bei ambayo Mmarekani mwenyewe haiwezi. Biashara nzuri hiyo.

Bei inashukaje? Fremu yake ni ya chuma cha kumimina kwenye kalibu halafu inachongwa, sio ya kufuliwa. Wazee wa renji wakisikia kumimina wanakunja uso kama wamepewa chai bila sukari. Mi sioni tatizo kwa matumizi yangu, chuma chenyewe ni kizuri, aina inayoitwa 4140, na wapo watu wamepiga maelfu kwa maelfu. Ukitaka ya kufuliwa kwa hela hiyo hiyo kuna Tisas ya Waturuki wa Trabzon, nayo nimeishika ya jamaa mmoja, imenyooka sana, na nikisema ukweli kama ningeiona siku ile dukani labda leo ningekuwa naandika kuhusu hiyo.

Rangi ni ile ya kijivu cha kuelekea weusi isiyong'aa, chuma kinachovywa kwenye dawa moto ya fosfeti, ukipitisha kidole unasikia kama chaki. Inashika mafuta vizuri. Vibao vya mpini ni vya mbao, laini mno, mkono ukitoka jasho inateleza kama sabuni.

Kununua sasa. Wabongo wengi wanaogopa hapa kwa hiyo nieleze nilivyopita. Mwenye grini kadi unaruhusiwa, mwenye viza ya kawaida ya kutembea au kusoma kwa kawaida hapana, kuna vipengele vichache lakini usiende kubahatisha, muulize mwanasheria. Kwa bastola dukani lazima uwe na miaka 21. Unajaza fomu inaitwa 4473, kuna sehemu ya kuandika ile namba yako ya uhamiaji, na kuna maswali ya ndiyo na hapana unayasoma taratibu, usijibu kwa mazoea kama unakubali masharti ya programu ya simu. Bangi kwa mfano, Ohio walipiga kura 2023 ikaruhusiwa, lakini fomu ni ya serikali kuu na bado inauliza, na imeandika wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu. Jingine, usimnunulie mshikaji kwa jina lako eti yeye makaratasi yake hayajakaa sawa. Hiyo ni jela, na baada ya jela ndege.

Mimi walinirudisha siku ya kwanza. Kosa langu. Leseni yangu ya gari ilikuwa na anwani ya apatimenti ya zamani, nilikuwa nimehama miezi mitatu nyuma nikajisemea nitabadilisha tu, kijana wa kaunta akaangalia kadi, akaangalia fomu, akaniambia kaka hizi hazifanani. Kumbe unaweza kuleta karatasi nyingine ya serikali yenye anwani mpya ukaambatanisha, kesho yake nikaja na kadi ya usajili wa gari ikapita. Halafu wanakagua jina lako kwa simu au kompyuta, kuna wanaojibiwa dakika kumi kuna wanaoambiwa subiri, mi niliambiwa subiri, siku ya tatu wakanipigia nikachukue. Nimekaa siku hizo najikuta naangalia simu kama nasubiri majibu ya fom six.

Nikaifungua nyumbani, juu ya meza ya jikoni, watoto wamelala. Hapa nawapa kisa cha karibu kabisa. Kuifungua hii bastola kuna bushi pale mbele ya mdomo, na chini yake kuna plagi imezuia springi ndefu. Baada ya kuhakikisha haina kitu, nimeangalia mara tatu na kidole nimeingiza, unabonyeza ile plagi, unazungusha bushi, springi inajaribu kutoka na wewe unaizuia na gumba. Video zote zinasema izuie na gumba. Nikaizuia na gumba lenye mafuta. Plagi ikaruka, ikagonga dari, ikapotelea nyuma ya friji. Mama watoto akatoka chumbani na kanga kichwani, akaniangalia nimelala kifudifudi na tochi ya simu, akasema tu "ndo mchezo wenyewe huo?" akarudi kulala. Tangu siku hiyo navaa miwani hata nyumbani, maana ile ingekuwa jicho.

Kurudishia nikafanya kosa la pili. Kuna kile kipande cha pembeni kinachozuia slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukipiga, ukikirudisha vibaya ncha yake inakwaruza fremu, inachora mstari wa upinde kama mwezi mwandamo. Wamarekani wana jina lake, mkwaruzo wa mjinga. Ninao. Bastola ina dakika arobaini tangu itoke kwenye boksi na nshapata cheti.

Basi tuingie renji. Risasi ya .45 ya kawaida, ile ya ncha ya duara iliyovikwa shaba, kichwa chake kina greini 230, kama gramu 15 hivi, inatoka kwa futi 830 mpaka 850 kwa sekunde. Kwenye karatasi inaonekana nzito, watu wanakutisha. Lakini bastola yenyewe ina kilo moja na kidogo, mtutu wa inchi 5, kwa hiyo teke lake linakuja taratibu, inakusukuma, haikupigi kofi. Zile ndogo ndogo za plastiki za 9mm zinanichapa zaidi, sio utani.

Usahihi wake? Kwa yadi 15, nimekaa, mikono nimeegemeza, risasi tano zinaingia kwenye eneo la kifuniko cha kikombe. Nikisimama inakuwa sahani ya chai. Hiyo tofauti ni yangu sio ya bastola, nimehakikisha maana yule mzee aliichukua, akapiga tano kwa mkono mmoja, mkono mwingine mfukoni kama anasubiri daladala, akaweka zote kwenye kifuniko.

Ila macho. Jamani macho ya hii kitu. Alama za kulengea ni zile zile za kijeshi za zamani, mbele kijiti chembamba, nyuma kijinafasi kama mkato wa wembe, zote rangi ile ile ya kijivu. Kwenye renji ya ndani taa hafifu, unalenga kijivu ndani ya kijivu kwenye karatasi nyeusi. Sio kwamba kiwanda kimekosea, hiyo ni nakala ya kijeshi na jeshi ndo lilitaka hivyo, lakini jua unachonunua. Kubadilisha sio kazi ya bisibisi, ile ya mbele imegongewa kwenye slaidi, fundi anataka kuchonga, na aliniambia bei ya kuchonga na vifaa nikaona ni nusu ya bastola. Nikachukua rangi ya kucha nyekundu ya mama watoto, nikapaka kijiti cha mbele tabaka mbili. Imekaa miezi kumi sasa na sijaidai kitu. Chupa hajawahi kuiulizia, nadhani anajua.

Halafu inauma. Kwa meno. Nyundo ikirudi nyuma inakutana na ile nyama ya katikati ya gumba na kidole cha shahada, na ile sefti ya mpini, kipande cha nyuma kinachobonyezwa na kiganja, kwenye mtindo huu wa zamani ina mkia mfupi, kwa hiyo mwenye kiganja kinene kama changu ananaswa. Risasi ya sitini siku ya kwanza nikaona damu kwenye mpini nikadhani nimejikata na magazini. Nina kovu dogo hapo. Jeshi lenyewe lilishalalamikiwa, katikati ya miaka ya 1920 wakaurefusha mkia kidogo kwenye toleo la A1, na hii yangu ni toleo hilo hilo la A1, lakini kwa mkono wangu bado. Plasta ya kitambaa kabla ya kuanza, ndo dawa yangu. Mwenye mkono mwembamba hata hataelewa naongea nini.

Sasa kukwama. Hili ndo linawakimbiza watu kwenye 1911 za bei ndogo na nataka niliseme vizuri maana kwangu bastola haikuwa na kosa. Kwenye maonyesho fulani ya silaha kulikuwa na meza inauza magazini tano kwa dola 50, hazina jina wala nini, ziko kwenye nailoni. Mi na akili zangu za Kariakoo nikaona hapo hapo. Mechi yangu ya pili ya kulenga shabaha, niko kwenye kituo (mechi inagawanywa vituo) chenye risasi nyingi, watu wamekaa nyuma wanaangalia, saa inahesabu, pa pa pa, kimya. Risasi imesimama wima kwenye dirisha la slaidi kama bomba la moshi. Nikaitoa, nikaendelea, mbili mbele, kimya tena. Nilimaliza kile kituo kwa muda ambao sitauandika hapa.

Yule mzee hakucheka. Alichukua kalamu ya rangi nyeupe akaandika namba chini ya kila magazini, moja mpaka sita pamoja na ile iliyokuja na bastola, akasema kila ikikwama andika namba. Wiki mbili za mazoezi, makosa yote yalikuwa ya namba 3 na namba 5. Ukizishika pembeni ya ile nzuri ukaziangalia kwa juu unaona kabisa ile midomo inayobana risasi imepanuka, inaiachia risasi mapema kabla haijanyooka. Namba 1, ile ya kiwandani, haijawahi kukwama na risasi za duara. Nikanunua nne za Wilson Combat, 47D, chuma, risasi 8, nikalipa dola 38 kwa kila moja roho inauma, na tangu hapo kwenye risasi kama 1,300 nimekwama mara mbili tu, zote na risasi za kujazwa upya nilizopewa na mtu. Za bure.

Kwa hiyo hesabu yangu halisi nimeandika kwenye daftari, maana mtu anaona 429 anadhani ndo mchezo. Bastola 429, kodi thelathini na kitu, dola 25 za duka, magazini nzuri 152, magazini za kijinga 50, mkanda na holista 85, miwani na hedifoni za masikio 60. Halafu risasi. Boksi la 50 nimekuwa nalipata kwa wastani wa dola 24, nikienda na wenzangu tunanunua kwa katoni, maboksi arobaini hiyo ni 960. Risasi zimekula mara mbili ya bastola ndani ya mwaka mmoja na ushee! Na wenzangu wa 9mm wanalipa kama nusu yake kwa kila tundu. Ningejua hili mapema ningechukua hiyo hiyo 1911 ya kiwanda hicho hicho kwenye 9mm, wanayo, triga ni ile ile, magazini inaingia nyingi zaidi, na mama watoto asingekuwa ananiuliza kila mwezi hiyo ya Jumapili ni shilingi ngapi. Anauliza kwa shilingi makusudi ili namba iwe ndefu.

Mchezo wenyewe. Nacheza mechi za klabu za USPSA, chama cha Marekani cha mchezo wa kulenga kwa kasi, daraja la Single Stack, ambalo limewekwa kwa ajili ya bastola za aina hii hii, kwa hiyo hushindani na mwenye magazini ya risasi ishirini. Kuna kanuni ya nguvu, unachukua greini za kichwa unazidisha na futi kwa sekunde unagawa kwa elfu, ikifika 165 unahesabiwa mkubwa, 125 mdogo. Hii .45 ya kawaida inakupa 190 na ushee, kwa hiyo mkubwa bila jasho, na faida yake ukipiga nje ya kati, ile sehemu ya C unapata 4 badala ya 3, ya D unapata 2 badala ya 1. Kwa mlengaji kama mimi ambaye C ndo nyumbani hiyo ni huruma ya Mungu. Ila mkubwa mwisho risasi 8 kwenye magazini, na kituo kirefu kinaweza kuwa na risasi 32, kwa hiyo unabadilisha magazini huku unakimbia, unahesabu kichwani, unahema. Mwanzoni nilikuwa nahesabu kwa Kiingereza nachanganyikiwa, nikahamia Kiswahili, moja mbili tatu, nikifika nane mkono unakwenda mkanda wenyewe.

Mchezo mwingine ambao bastola hii inaufaa kuliko hata huo ni ule wa kusimama na kulenga kwa mkono mmoja, bulzai. Yadi 50 na yadi 25. Risasi kumi kwa dakika kumi, halafu tano kwa sekunde 20, halafu tano kwa sekunde 10. Hapa Ohio tuna Camp Perry, pembeni ya ziwa Erie, mashindano ya taifa yako pale tangu 1907, na nilienda kuangalia tu. Unaona vizee vya miaka sabini na tano, mkono unatetemeka anapokunywa kahawa, akiinua bastola mkono unasimama kama nguzo ya umeme. Upepo wa ziwa unapiga, bendera zinalia, mstari mzima kimya, halafu shabaha zinageuka na wote wanapiga kwa pamoja mpaka kifua kinatikisika. Nilivyorudi ndo nikaanza mazoezi ya mkono mmoja. Kwa hii yangu yenye rangi ya kucha, yadi 50 sioni kitu, nikubali tu.

Mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia. Maganda yanatoka ya moto, siku moja moja likaingia kwenye kola ya shati langu likateremka mpaka kiunoni. Silika yote ya mwili inataka ugeuke urukeruke na bastola mkononi. Usigeuke. Mdomo wa bastola ubaki mbele, kidole nje ya triga, weka mezani, halafu ndo ucheze hiyo ngoma yako. Nina alama mbili mgongoni lakini jirani zangu wote wazima. Tangu hapo navaa shati lisilo na kola wazi. Pili, renji za ndani zina vumbi la madini ya risasi (lead), nayo yana sumu, osha mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla hujagusa chakula, nguo zifuliwe peke yake, usimbebe mtoto na shati la renji. Tatu, kwa kuwa nina watoto, sefu ya chuma imefungwa ukutani, risasi ziko kwenye sanduku lingine na ufunguo mwingine. Sijainunua kwa ajili ya kulinda nyumba na sijifanyi hivyo.

Kuna mtu ataniuliza, ukirudi nyumbani unakuja nayo? Siji nayo popote. Tanzania silaha ni leseni, maombi, na msururu wa watu wa kukujadili, na hata kama ingewezekana, nani anataka kuanza maelezo uwanja wa ndege. Majirani zetu Kenya wana watu wanaocheza IPSC, mchezo kama huu wangu wa kimataifa, vizuri tu kwa leseni zao, mwenye hamu ya kuona mchezo akiwa likizo atafute kwenda kuangalia.

Ningenunua tena? Ningenunua, lakini ningeongeza kama dola mia moja nichukue toleo la juu yake la kiwanda hicho hicho, lenye alama za kulengea zinazoonekana na mkia mrefu wa kuzuia nyundo isinile. Hii ya kijeshi chukua kama unapenda ule uzee wake, uzito wake, mlio wa slaidi ikifunga. Mi bado nikiishika saa nyingine naiangalia tu. Kwa nyota, nne kati ya tano, nusu nimeondoa kwa sababu ya macho na nusu kwa sababu ya kovu.

Mwenye grini kadi au uraia aliye Columbus na anataka kujaribu kabla hajatoa hela yake, Jumapili asubuhi huwa nipo renji. Bastola nitaleta mimi, plasta pia ninazo. Risasi uje nazo mwenyewe.